Malkia wa Panga, Wima na Kichwa Chini

Meza za semina huwa ndefu, na wanaokaa pande zake mbili hawaoni kitu kimoja. Jambo hili halina uzito wowote mpaka siku mtu anapolaza picha mezani. Mhadhiri mmoja wa nadharia ya fasihi, aliyekuwa amefundisha somo la ufasiri kwa miaka kadhaa, aliingia katika darasa la uzamili akiwa na karata moja ya taroti, akailaza mbele yake, akawataka wanafunzi waisome kama ambavyo wangesoma shairi. Karata yenyewe ilikuwa Malkia wa Panga. Akaanza kuieleza: mwanamke ameketi katika kiti cha enzi, upanga umesimama mkononi, uso umegeukia upande. Hakufika mbali. Mwanafunzi aliyeketi ng'ambo ya meza, mama wa makamo aliyekuwa amefiwa na mumewe miaka miwili kabla, alimkatiza kwa adabu.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Kwako ameketi. Kwangu mimi anaanguka."

Kauli hiyo ilikuwa fupi lakini iliuvuruga mpango mzima wa somo. Mhadhiri alikuwa amejiandaa kuzungumzia ishara: vipepeo, mawingu, upanga. Hakuwa amejiandaa kuulizwa ni nani aliyeamua kwamba upande wake yeye ndio wima. Na swali hilo, ingawa huenda mwulizaji hakulikusudia hivyo, ndilo lililo katika kiini cha desturi nzima ya kuzifasiri karata hizi. Huko Ulaya ilikokulia desturi hiyo, msoma karata na anayesomewa aghalabu hukaa wakitazamana. Karata iliyosimama kwa mmoja imepinduka kwa mwingine. Ili kazi iendelee, sharti pawe na makubaliano kuhusu macho ya nani yatakayohesabiwa, na kwa kawaida huwa ni ya yule anayedai kuzijua maana, si ya yule ambaye maisha yake yanasomwa. Wima, basi, si sifa ya karata. Ni mahali pa kukaa.

Makala haya yanaichunguza karata hiyo moja na fasiri zake mbili. Swali la iwapo karata zinaweza kubashiri mambo linaachiwa wale wanaolijali. Linaloshughulikiwa hapa ni swali la matini, yaani ni vipi picha ile ile ikigeuzwa kichwa chini hupewa maana nyingine, na maana hiyo nyingine hutoka wapi.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba taroti haikubuniwa kwa ajili ya ubashiri. Ilianza kaskazini mwa Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, na maandishi ya mwanzo kabisa yanayoitaja ni ya miaka ya 1440. Ulikuwa mchezo. Mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, alionyesha kwa kirefu katika kitabu chake cha 1980 kwamba kwa karne tatu hivi watu walizicheza karata hizi bila kuzitafutia siri. Dai la kuwa zimebeba hekima ya Misri ya kale lilizuka Paris mwaka 1781 katika maandishi ya Antoine Court de Gébelin, miaka 41 kabla ya Champollion kutangaza jinsi ya kuzisoma hieroglifu. Hayo yatosha kuhusu Misri.

Karata za taroti ni 78. Kati yake 16 ni za kifalme: mfalme, malkia, mpanda-farasi na mtumishi, katika makundi manne ya panga, vikombe, sarafu na marungu. Makundi haya yaliingia Ulaya kutoka katika nchi za Kiislamu. Seti ya karata za Wamamluki iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapi, Istanbul, ina panga, vikombe, sarafu na magongo ya mchezo wa polo, na karata zake za kifalme ni tatu katika kila kundi: maliki, naibu wake, na naibu wa pili. Hazina sura za watu. Zina maandishi na mapambo tu. Neno naibu halimhitaji mfasiri kwa msomaji wa Kiswahili. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba hamna mwanamke katika baraza hilo. Malkia aliongezwa Ulaya. Aliingia amechelewa katika nyumba ambayo vyeo vyake vyote vilikuwa vimekwisha kugawanywa, na huenda ndiyo sababu wafasiri hawajaacha kumwuliza amekuja kufanya nini.

Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki ana njia yake mwenyewe ya kuifikia karata hii, nayo ni fupi kuliko ya wengi. Majina ya makundi ya karata katika Kiswahili yalitokana na Kireno: kopa ni copas, vikombe, uru ni ouros, dhahabu, pau ni paus, fimbo, na shupaza ni espadas, panga. Makundi haya ndiyo yale yale ya taroti. Waliocheza karata Mombasa au Unguja na kuitupa shupaza mezani walikuwa wakitaja panga huku macho yao yakiona kitu kingine, kwa sababu michoro iliyoenea baadaye ni ya Kifaransa, na alama ya shupaza katika michoro hiyo ni kama moyo mweusi uliogeuzwa kichwa chini na kutiwa mguu. Jina limebaki la Kireno, picha ikawa ya Kifaransa. Karata za picha nazo ziliitwa wazungu, zikapangwa kwa hesabu: mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni ghulamu, mzungu wa nne ni mfalme. Hesabu hizi zinalingana na pointi za michezo ya Kireno kama vile sueca, ambamo malkia ana pointi 2, ghulamu 3 na mfalme 4. Ndiyo kusema malkia yu chini ya mtumishi wa nyumba yake. Mchezaji hashangai. Ameyapokea hayo kama sheria ya mchezo, na sheria ya mchezo haiulizwi sababu.

Lakini mzungu huyo wa pili ana vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini, na hana miguu. Hili nalo lina historia yake. Hapo awali karata za picha zilikuwa na kichwa kimoja. Mchezaji aliyegawiwa mfalme kichwa chini alikuwa na mazoea ya kumgeuza ili amwone vizuri, na mpinzani mwerevu akajua papo hapo kwamba mwenzake ana karata ya kifalme. Katika karne ya 19 picha za vichwa viwili zikaenea, na tatizo likaisha. Karata ya kuchezea haina tena namna ya kupinduka. Taroti ya ubashiri, kinyume chake, ilishikilia kichwa kimoja na miguu, kwa kuwa ilikuwa imegundua faida katika kile kile ambacho wachezaji walikiona kero.

Aliyefanya mengi kueneza faida hiyo ni Mfaransa Jean-Baptiste Alliette. Huyu aliligeuza jina lake la ukoo lisomeke kutoka mwisho hadi mwanzo, akajiita Etteilla; mtu angedhani ni utani, lakini alikuwa na bidii kubwa katika kazi yake. Mwaka 1770 alichapisha kitabu kuhusu ubashiri kwa karata 32 za kawaida, na humo kila karata ilipewa maana mbili, moja ya wima na nyingine ya kichwa chini. Miaka 15 baadaye aliuingiza utaratibu huo katika taroti. Seti zilizochapishwa kwa kufuata mfumo wake zina maneno kwenye ncha zote mbili za karata, moja likisomeka sawasawa wakati lingine limepinduka. Malkia wa Panga alipewa neno moja zito: ujane.

Neno hilo halikumtoka tena. Mwaka 1888 Mwingereza MacGregor Mathers aliandika kijitabu cha mwongozo ambamo karata hii ikiwa wima ni ujane, hasara, upungufu na utengano. Ikipinduliwa ni mwanamke mbaya, mwenye hasira na ushupavu. Arthur Edward Waite naye, katika mwongozo wake ambao toleo lake lenye picha lilitoka mwaka 1911, aliirefusha orodha hiyo bila kuibadilisha sana. Upande wa wima aliweka ujane, majonzi ya kike, kutokuwepo kwa mtu, utasa na matanga. Upande wa pili aliweka nia mbaya, hila, unafiki wa kujifanya mwenye haya, udanganyifu. Dhana hiyo ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya vitabu vya ubashiri zamani. Pushkin aliitanguliza hadithi yake ya Malkia wa Shupaza, ya mwaka 1834, kwa tamko linalodaiwa kutoka katika kitabu kipya cha ramli, lenye maana kwamba karata hiyo ni ishara ya chuki ya siri. Katika hadithi yenyewe, kijana Hermann anasababisha kifo cha bibi kizee, mwanamke wa kabaila, akitaka siri ya karata tatu za ushindi. Na mwishoni, badala ya ree aliyoitarajia, anajikuta ameshika malkia, ambaye anamkonyeza. Mwanamke aliyetishwa kwa bastola hadi akafa ndiye anayebebeshwa jina la chuki. Wahakiki wengi wameipita nukta hii upesi mno.

Hapa ndipo penye fumbo. Wasoma karata wenyewe hutoa maelezo kadhaa kuhusu karata iliyopinduka. Wapo wasemao kuwa maana yake ni kinyume cha maana ya wima. Wapo wasemao kuwa ni maana ile ile ikiwa imezibwa, imedhoofika au imecheleweshwa, kama maji katika bomba lililojaa kutu. Wengine husema kuwa maana imehamia ndani ya nafsi, isionekane na watu. Mary K. Greer alitunga kitabu kizima juu ya suala hili, kilichotoka mwaka 2002. Na wapo wasioijali kabisa karata iliyopinduka: chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1888 na ambacho Waite alikuwa mwanachama wake, kilifundisha kuipima karata kwa majirani zake mezani badala ya kuangalia imeelekea wapi.

Chukua maelezo ya kwanza, yaliyo maarufu zaidi, uyapime kwa Malkia wa Panga. Kinyume cha ujane ni nini? Ni ndoa, au kuolewa tena. Kinyume cha kutokuwepo ni kurudi kwa aliyekuwa mbali. Cha utasa ni mtoto. Cha matanga ni arusi. Lau kupindua kungekuwa kukanusha, karata hii ikiwa kichwa chini ingekuwa miongoni mwa karata za furaha. Maelezo ya pili nayo hayasaidii, maana ujane uliozibwa au kucheleweshwa ni mume ambaye bado yu hai. Hakuna kanuni ya kugeuza iwezayo kuutoa uovu wa nia kutoka katika kufiwa. Fasiri ya pili haikutokana na ya kwanza kwa njia yoyote ya kimantiki. Imetoka mahali pengine.

Mahali hapo panaonekana mtu akizitazama orodha mbili kisarufi. Kila jambo lililo upande wa wima limempata mwanamke huyu. Ameachwa, amepungukiwa, ametenganishwa, amefiwa. Kiswahili kinalionyesha hili kwa uwazi usiopatikana katika lugha walizoandikia Etteilla na Waite, kwa sababu kitenzi chenyewe, kufiwa, kimeshikana na kauli ya kutendwa. Anayekufa ni mwingine na anayefiwa hana alilotenda. Kila jambo lililo upande wa kichwa chini, kwa upande wake, mwanamke huyu analifanya: anakusudia, anadanganya, ana hila, anajifanya. Katika karata iliyo wima yeye ni mtendwa. Inapopinduka anakuwa mtenda, na hapo hapo anakuwa mbaya. Kilichogeuka si maana. Ni kauli ya kitenzi. Mwanamke aliye peke yake huhurumiwa maadamu mambo yanampata, na huogopwa mara aanzapo kutenda.

Ulinganisho na mumewe, kama mtu anaruhusiwa kumwita hivyo, unaondoa shaka. Mfalme wa Panga katika mwongozo huo huo wa Waite ana hukumu, amri, mamlaka na sheria akiwa wima. Akipinduliwa ana ukatili na usaliti. Mfalme hutenda pande zote mbili. Hutenda vyema, kisha hutenda vibaya. Malkia hakupewa utendaji mwema hata mmoja wa kuharibika. Upanga anao, lakini kazi ya upanga haitajwi. Wala haisemwi kwamba malkia wote walitendewa hivyo. Malkia wa Marungu, kwa Waite, hata akipinduka hubaki mwema na msaidizi, na ubaya wake hutegemea karata za jirani. Ni huyu mmoja, mjane, ambaye kumgeuza tu kunatosha.

Picha nayo ina ushahidi wake, na ushahidi huo haukubaliani na orodha. Iliyokuwa juu ya meza ya semina ni ile iliyochorwa mwaka 1909 na Pamela Colman Smith kwa maagizo ya Waite, ikachapishwa London na kampuni ya William Rider. Smith alizaliwa London mwaka 1878 kwa wazazi Wamarekani, akaishi kwa muda Jamaica katika utoto wake, akasomea sanaa katika Taasisi ya Pratt huko Brooklyn. Kabla ya karata alijulikana kwa ngano. Mwaka 1899 alichapisha mkusanyiko wa ngano za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi, na alikuwa akizisimulia mbele ya wageni London kwa lahaja ya Jamaica. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaomjua Sungura watatambua mara moja maana ya msanii aliyelelewa na ngano za aina hiyo: amezoea mhusika ambaye wema na ubaya wake hutegemea msimulizi anasimama upande wa nani. Si lazima kudai kwamba Anansi yumo katika karata. Yatosha kusema kuwa mchoraji hakuwa mtu wa kuamini kila orodha aliyopewa.

Alichora nini? Malkia ameketi akielekea kulia. Mkono wake wa kulia umesimamisha upanga bila kuuinamisha hata kidogo, na mpini umekaa juu ya mkono wa kiti. Mkono wa kushoto ameunyosha mbele, wazi, kama anayempa mtu ruhusa ya kusema au kumwambia asimame alipo. Kifundoni mwa mkono huo pana kitu kama ushanga au kamba yenye kishada, na wasoma karata wengi wa siku hizi wanapenda kukiona kuwa ni kifungo kilichokatwa. Taji lake ni la vipepeo, na kiti kimechongwa kipepeo na kichwa cha mtoto mwenye mabawa. Mawingu mazito yamelala chini kwenye upeo, lakini kichwa chake kiko juu yake, katika anga tupu lenye ndege mmoja. Waite, akiieleza picha hiyo hiyo, alikiri kwamba uso wa malkia unaonyesha kuzoeana na huzuni, kisha akaongeza kwamba hawakilishi huruma na kwamba, pamoja na upanga wake, ni vigumu kumwita alama ya nguvu. Ajabu ya maelezo haya ni kwamba yanakanushwa na kila mstari wa mchoro. Mwenye macho haoni mtu dhaifu pale. Anaona mtu ambaye mambo yamekwisha kumpata, na sasa anasikiliza kesi.

Matini na picha zimegombana, na mshindi kwa muda mrefu alikuwa matini, kwa sababu matini ndiyo iliyokuwa na jina. Karata zilijulikana kwa majina ya mchapishaji na mwandishi. Smith, aliyemwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz mwaka huo huo wa 1909 kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo madogo sana, hakuwahi kuolewa, na alifariki Bude, Cornwall, mwaka 1951 akiacha madeni. Alichokuwa nacho ni herufi tatu za jina lake, zilizosukwa pamoja kama nyoka na kutiwa katika pembe ya chini ya karata.

Kuna mjane mwingine mwenye upanga ambaye mapokeo ya Ulaya yalimjua vyema kabla ya Etteilla, naye ni Yudithi wa Biblia ya Kikatoliki. Huyu alikaa katika ujane kwa zaidi ya miaka mitatu, amevaa magunia, mpaka mji wake wa Bethulia ulipozingirwa na jeshi la Holoferne. Ndipo alipovua magunia, akajipamba, akaenda kambini, akamdanganya jemadari na kumkata kichwa kwa upanga wake mwenyewe jemadari. Orodha zote mbili za Waite zimo ndani ya kisa hiki: matanga na utengano mwanzoni, hila na udanganyifu baadaye. Lakini Bethulia ilimwimbia. Laiti kitabu hicho kingeandikwa na karani wa kambi ya adui, mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, yangekuwa kisa cha mwanamke mwovu. Ukuta wa mji ulikuwa katikati, na kila upande uliona karata yake wima.

Mjadala wa darasani siku ile haukufika kwa Yudithi. Ulisimama kwenye neno. Mwanafunzi mmoja kijana alitoa pingamizi la maana: kwamba orodha za wapiga ramli si matini ya kuhakikiwa, ni rundo la maneno yaliyookotwa huku na huko, na anayetafuta sarufi ndani ya rundo ataipata tu, kama anayetafuta nyuso mawinguni. Pingamizi hilo halina jibu kamili. Ni kweli kwamba Waite hakukaa akapanga vitenzi. Hata hivyo, rundo ambalo kila mpitaji huongezea kitu kile kile upande ule ule, Paris kisha London, kwa muda wa zaidi ya karne moja, si rundo tena. Ni desturi, na desturi husomwa.

Aliyemjibu kijana huyo si mhadhiri bali ni yule mama, naye hakwenda Ulaya kutafuta mfano. Aliuliza nini maana ya kizuka. Waliotoka Pwani walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mume, aliye ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, amejitenga na watu. Kizuka pia ni kitu kinachotokea ghafula na kutisha, pepo, mzimu. Kamusi huyapanga maana hayo kwa nambari, moja na mbili, kana kwamba yalikutana njiani kwa bahati. Hakuna aliyechora karata hiyo. Neno lenyewe lina ncha mbili, na mtu hulishika kwa ile anayoitaka.

Alieleza kidogo kuhusu yaliyompata, kwa sauti ya mtu anayetoa mfano wa kitaaluma. Katika mwaka wa kwanza, nyumbani kwa wakwe zake alikuwa akiitwa maskini; wageni walipofika walionyeshwa yeye kwanza, kisha kaburi. Mwaka wa pili aliomba kuonyeshwa hati ya shamba. Hakupaza sauti, hakwenda kwa wakili, aliomba tu. Tangu siku hiyo ikawa inasemwa kwamba ana moyo mgumu, kwamba labda marehemu alikuwa amevumilia mengi, kwamba hata machozi yake ya msibani wapo waliokuwa wameyatilia shaka. "Sikubadilika," alisema. "Niliomba karatasi." Hakutaja jina la mtu, wala darasa halikuuliza.

Baadhi ya wafasiri wa nusu karne hii wamejaribu kumsafisha malkia. Rachel Pollack, katika maandishi yake ya miaka ya 1980 yaliyosomwa sana, alimwona kama huzuni iliyogeuka kuwa busara, na wengi waliomfuata wakamfanya kuwa mwanamke huru, msema kweli, mwenye akili kali isiyoyumbishwa na hisia. Ni maendeleo makubwa, kwa kuwa mara hii amepewa utendaji akiwa wima, na picha ya Smith imesomwa hatimaye. Lakini mtu akifungua miongozo hiyo ya kisasa upande wa kichwa chini, humkuta baridi, mchungu, mwenye ulimi wa kukata, asiyesamehe. Hapo awali alikuwa mbaya kwa sababu ametenda. Sasa ni mbaya kwa sababu amezidisha. Kipimo cha kuzidisha hakielezwi. Kinabaki kwa msoma karata, upande wake wa meza.

Muda wa semina ulipokaribia kwisha, mhadhiri aliishika karata kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu mpaka ikamwelekea yule mama. Sasa malkia aliketi kwake, na mhadhiri ndiye aliyemwona anaanguka, upanga umeelekea sakafuni, mawingu yako juu. Akainama kuitazama vizuri. Katika upande uliokuwa chini na sasa ulikuwa juu, karibu na kidole chake, aliona alama ndogo ambayo kwa miaka yote ya kuifundisha karata hiyo hakuwa ameijali, akauliza ni nini. Yule mama aliisoma kutoka upande wake bila shida. "Ni jina la aliyemchora," alisema, akaanza kukusanya vitabu vyake.